NJIA YA KIKOHOZI: YALIYOONEKANA KILIFI KATI YA CHEKECHEA NA WODI



Katika maelezo haya ya nchi jirani tumezoea kuzungumzia mipaka, biashara, uchaguzi na, inapotokea bahati mbaya, vita. Leo twaomba ruhusa tuzungumzie kamasi za watoto. Asiwepo wa kucheka. Kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022, kirusi kimoja tu miongoni mwa vile viletavyo mafua na kichomi kwa watoto, kile kijulikanacho kwa herufi RSV, kiliua duniani watoto wapatao 101,400 wa umri wa chini ya miaka mitano katika mwaka 2019. Karibu nusu yao walikuwa hawajavuka miezi sita. Na katika kila mia waliokufa, zaidi ya 97 walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama hizi zetu.

Mtoto wa miezi mitatu haendi chekechea, haendi sokoni, wala hapandi basi. Hulala kitandani kwa mama yake. Basi ni nani ampelekeaye ugonjwa pale alipo? Na akishapelekwa hospitali, ni nani autoaye ugonjwa huo wodini na kuurudisha mitaani? Maswali haya mawili yaliulizwa kwa miaka mingi na wataalamu wa nchi nyingi, lakini lile la kwanza limepata jibu lake lililo wazi kabisa katika Wilaya ya Kilifi, pwani ya Kenya, mwendo wa kilomita sitini hivi kaskazini ya Mombasa. Habari hiyo ndiyo tutakayoisimulia, pamoja na yale yaliyoitangulia.

Huenda askari akauliza, jambo hili lamhusu nini yeye? Historia ya majeshi yaweza kumjibu. Ugonjwa wa kifua hupenda watu walalao karibu karibu, walao pamoja, na waliotoka sehemu mbalimbali bila kuwahi kukutana na maradhi ya wenzao. Hiyo ni sifa ya kambi ya kuruta, na ndiyo sifa ya chekechea pia. Mwezi Septemba 1918 homa kali ya mafua iliyokuwa ikizunguka dunia iliingia Mombasa kwa njia ya bahari, ikafuata reli kwenda bara. Wakati huo maelfu ya askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza walikuwa wakitembezwa kutoka upande mmoja wa Afrika ya Mashariki hadi mwingine. Jenerali von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, watu wake walipelekwa Tabora na kuwekwa kambini. Askari wengi na wapagazi wengi waliookoka miaka minne ya risasi, njaa na malaria walikufa hapo kwa mafua, vita vikiwa vimekwisha.

Jeshi la Marekani nalo lilipata somo la namna hiyo, ijapokuwa si la kutisha kiasi hicho. Katika kambi zake za mafunzo, kuruta walikuwa wakianguka kwa mamia kwa homa ya kifua iletwayo na virusi viitwavyo adenovirusi. Kuanzia mwaka 1971 kila kuruta alipewa vidonge vya chanjo, na ugonjwa ukatulia. Baadaye kiwanda kikaacha kuvitengeneza, akiba ikaisha mwaka 1999, na homa ikarudi kambini kama vile haikuwahi kuondoka. Vidonge vilirejeshwa mwaka 2011. Miaka kumi na miwili ilipotea hivyo kwa sababu ya hesabu za fedha tu.

Tena jeshi hilo hilo ndilo lililokutana kwanza na kirusi cha RSV. Mwaka 1956, katika taasisi ya utafiti ya jeshi iitwayo Walter Reed, kundi la sokwe waliofugwa kwa ajili ya uchunguzi lilishikwa na mafua, na mtu aliyefanya kazi karibu nao akaugua pia. Wataalamu walidhani wamepata ugonjwa wa sokwe, hata wakakipa kirusi hicho jina la mafua ya sokwe. Mwaka uliofuata Dk. Robert Chanock alikikuta kirusi kile kile katika watoto wachanga wawili wa mji wa Baltimore. Haikuchukua muda mrefu kufahamika kwamba huo ulikuwa ni ugonjwa wa binadamu tangu awali. Sokwe maskini waliambukizwa na watu, kisha wakasingiziwa.

Ndugu wasikilizaji, baada ya kumtambua adui, kazi iliyobaki ilikuwa kujua apitapo. Hapa pana uchunguzi wa aina mbili uliofanyika Marekani katika miaka ya 1970, mmoja katika chekechea na mwingine katika hospitali, na inafaa tuuweke ubavu kwa ubavu.

Uchunguzi wa chekechea ulifanyika katika kituo cha kulelea watoto cha mji wa Chapel Hill, jimbo la North Carolina, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1979. Watoto walifuatiliwa kwa miaka kadhaa. Ilionekana kwamba RSV ilipoingia kituoni kwa mara ya kwanza, watoto 98 katika kila mia ambao hawajapata kuiugua waliambukizwa. Ilipoingia mara ya pili, iliwashika 75 katika mia ya wale waliokwisha kuiugua mara moja. Na mara ya tatu, 65 katika mia. Kinga ya ugonjwa huu basi si kama ya surua, ambayo mtu akiupata mara moja amemalizana nao. Mtoto huugua, hupona, na mwaka ufuatao hubeba tena kirusi, safari hii kwa kamasi kidogo tu zisizomzuia kucheza. Yeye mwenyewe hana hatari. Hatari yaenda kwa yule aliye mdogo kuliko yeye.

Uchunguzi wa hospitali ulifanywa na Dk. Caroline Hall na wenzake huko Rochester, New York. Mwaka 1975 walieleza kwamba, wakati wa mlipuko, karibu theluthi moja ya watoto wachanga waliolazwa kwa maradhi mengine waliipatia RSV humo humo wodini. Waliokaa wodini juma zima hali yao ilikuwa mbaya zaidi, karibu nusu yao. Na wafanyakazi je? Kumi kati ya 24 waliambukizwa. Wauguzi na madaktari hao hawakulazwa. Walikuwa na mafua ya kawaida, wakaendelea na zamu zao wakibeba kirusi kutoka kitanda hadi kitanda, na baada ya zamu wakaenda nacho nyumbani kwao.

Dk. Hall hakutosheka na hapo. Alitaka kujua ugonjwa warukaje: kwa hewa ya chumba kizima, au kwa mikono? Akachukua wafanyakazi 31 waliojitolea, akawagawa makundi matatu. Wa kwanza, saba, walipewa kumbeba mtoto mgonjwa, kumlisha na kumbadilisha nepi. Wa pili, kumi, waliingia chumbani mtoto akiwa ametolewa, wakagusa kitanda na vyombo vyake, kisha wakajigusa pua na macho. Wa tatu, kumi na wanne, walikaa chumba kimoja na mtoto lakini kwa umbali wa zaidi ya hatua mbili, bila kumgusa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1981: katika waliombeba mtoto waliambukizwa watano kati ya saba, katika waliogusa vitu vyake, wanne kati ya kumi, katika waliokaa mbali, hata mmoja hakuambukizwa. Majaribio mengine ya Dk. Hall yalikwisha kuonyesha kwamba kirusi hicho huweza kuishi kwa saa kadhaa juu ya meza au ukingo wa kitanda, na kwa muda wa nusu saa hivi juu ya ngozi ya mkono.

Hayo yahusu RSV. Surua na kifua kikuu huelea hewani kwa muda mrefu, na hapo umbali wa hatua mbili hautoshi. Hutakiwa dirisha wazi na chumba cha peke yake. Twasema hivi ili mtu asije akatoka hapa akidhani sabuni ni dawa ya kila kikohozi.

Sasa turejee Afrika ya Mashariki. Kenya iliingia katika suala hili kwa mlango wa surua. Katika miaka ya 1970 surua ilikuwa ikijaza wodi za watoto katika nchi zetu zote, na mara nyingi ilikuwa ikipatikana hospitalini penyewe: mama alimleta mtoto mwenye homa ya malaria, akakaa naye kwenye benchi la kungojea karibu na mtoto mwenye surua, na baada ya siku kumi au zaidi akarudi naye akiwa na vipele. Huko Machakos wataalamu wa Kenya na Uholanzi walifuatilia familia za vijijini ili kujua watoto huugua wakiwa na umri gani. Uchunguzi mwingine, uliofanywa na Wizara ya Afya ya Kenya pamoja na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 1977, ulitafuta umri ufaao wa kuchanja. Ukichanja mapema mno, kinga aliyoachiwa mtoto na mama yake huiua nguvu chanjo. Ukichelewa, surua hukutangulia. Miezi tisa ndiyo iliyoonekana kuwa njia ya katikati, na umri huo ukaja kufuatwa katika nchi nyingi za joto, Tanzania ikiwamo. Kenya ilianzisha mpango wake wa taifa wa chanjo mwaka 1980.

Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, iliundwa mwaka 1979. Mwaka 1989 ilianzisha kituo katika hospitali ya wilaya ya Kilifi, kwa kushirikiana na mfuko wa Wellcome wa Uingereza. Faida kubwa ya kituo hiki, kwa maoni yetu, haikuwa mitambo yake. Ilikuwa ni subira ya kuhesabu. Kila mtoto aliyelazwa aliandikwa, na tangu mwaka 2000 kila kaya katika eneo la kilomita za mraba 891 iliingizwa katika daftari, wazaliwa, waliofariki na waliohama. Kwa njia hiyo daktari aliyemwona mtoto wodini aliweza kujua ametoka mji upi, na ni watoto wangapi wa kijiji hicho hawakuugua. Hospitali nyingi za kwetu hujua waliokuja tu. Kilifi ilijua na wasiokuja.

Wakati huo huo jambo kubwa lilikuwa likitokea katika elimu. Mwezi Januari 2003 serikali mpya ya Kenya ilifuta karo za shule za msingi, na idadi ya wanafunzi ikapanda kwa zaidi ya milioni moja katika mwaka mmoja tu. Ni sera njema na hakuna wa kuilaumu. Lakini madarasa hayakuongezeka kwa kasi ya wanafunzi, na katika sehemu nyingi watoto walikaa wanne au watano kwenye dawati moja, na wadogo wa chekechea wakakalishwa chini bega kwa bega. Jioni kila mmoja wao alirudi kwenye nyumba yenye mtoto mchanga.

Basi kuanzia mwezi Desemba 2009 hadi katikati ya mwaka 2010, wataalamu wa Kilifi walifanya jambo ambalo kwa uvumilivu wake lafanana na kazi ya doria. Walichagua kaya 47, kila moja ikiwa na mtoto mchanga na angalau ndugu mkubwa. Jumla ya watu ilikuwa 493. Mara mbili kila wiki, kwa miezi sita, wafanyakazi wa utafiti waliingia katika kila nyumba na kijiti chenye pamba, wakachukua kamasi puani mwa kila mmoja, nyanya, baba, mama, mwanafunzi na mchanga, awe anaumwa au haumwi. Vipimo vilivyokusanywa vilizidi 16,000. Wasikilizaji waliozoea kazi ya lindo watatambua maana yake: hawakungoja adui apige kelele ndipo wamtafute.

Walichokipata kilikuwa hiki. Zaidi ya nusu ya watoto wachanga walioambukizwa RSV waliipata ndani ya nyumba zao. Na mtu wa kwanza kuileta nyumbani, katika sehemu kubwa ya kaya hizo, hakuwa baba aliyetoka mjini wala mgeni. Alikuwa ni ndugu mkubwa, na karibu wote katika ndugu hao walikuwa wanafunzi. Dawati la shule lilikuwa limeunganishwa na kitanda cha hospitali kwa kamba ambayo haikuonekana, na kamba hiyo ilipita katika mkeka wa nyumbani, pale mkubwa ambapo hupewa mdogo ambebe mama anapokwenda kuteka maji.

Jambo la pili lililoonekana ni gumu zaidi. Katika maambukizo yote ya RSV yaliyopatikana, asilimia 42 hayakuwa na dalili yoyote. Mtu alikuwa mzima, akila, akicheza, akilima, na kirusi kilikuwa puani mwake.

Hapa ndipo panapotupasa kuzitazama upya amri tulizozizoea. Katika vituo vingi vya kulelea watoto, Kenya na kwetu pia, kanuni ni moja: mtoto anayekohoa abaki nyumbani. Kwa masikio ni kanuni safi. Lakini ikiwa karibu nusu ya wabebaji hawakohoi, kanuni hiyo yawakamata nusu na kuwaachia nusu. Tena mtoto wa miaka mitatu huweza kuwa na mafua sehemu kubwa ya mwaka. Akifukuzwa kwa kila chafya, mama yake atafukuzwa kazini kabla ya mwezi kwisha.

Na ni mama yupi huyo? Ni muuguzi wa zamu ya usiku. Ni askari wa kike aliyepangwa lindo la benki saa kumi na mbili asubuhi. Watu hao wawili ndio wenye watoto katika vituo vya kulelea watoto, kwa kuwa kazi zao hazina saa za ofisi. Wakiambiwa mtoto asije, hawana jamaa karibu. Jamaa wako mikoani, na wao wamehamishiwa hapa kwa amri. Basi wafanyalo hujulikana: humpa mtoto dawa ya kushusha homa alfajiri, humpangusa pua, humwambia asikohoe mbele ya mwalimu, kisha humkabidhi mlangoni na kuondoka upesi. Saa nne dawa huisha nguvu, na homa hujitokeza kituo kizima kikiwa kimeshachezea vikombe vile vile. Aliyeitunga kanuni alidhani amefunga mlango. Kumbe amewafundisha watu kupita dirishani.

Haifuati kwamba kanuni ifutwe. Mtoto mwenye homa, anayepumua kwa haraka au anayevuta mbavu ndani hana nafasi chekechea. Huyo apelekwe kwa tabibu bila kuchelewa. Vile vile mwenye vipele vya surua, au kikohozi cha kifaduro kimtoacho pumzi. Tusemalo ni kwamba mafua matupu hayazuiliki kwa kumfukuza mtoto, ila kwa namna kituo kinavyoendeshwa kila siku, wagonjwa wawepo au wasiwepo.

Ushahidi wa hilo upo. Huko Karachi, Pakistan, katika mitaa ya watu wa kipato kidogo, familia zilipewa sabuni na kuelekezwa kunawa mikono. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kichomi kwa watoto wa chini ya miaka mitano kilipungua kwa nusu ukilinganisha na mitaa ambayo haikupewa. Ikumbukwe kwamba hayo yalifanyika katika nyumba za kawaida, kwa kipande cha sabuni. Kituo chenye ndoo yenye koki, sabuni, kikombe cha kila mtoto, madirisha yafunguliwayo na walezi wasiobeba watoto wa madarasa yote kwa zamu, kimefanya zaidi ya kile chenye tangazo kubwa mlangoni. Na wale wa chini ya mwaka mmoja, ikiwa kituo chawapokea, wawe na chumba chao na mlezi wao, wasichanganywe na wakubwa.

Upande wa hospitali una mambo yake. Mtoto alazwapo na kichomi, mama huja naye, na mara nyingi huja na yule mkubwa kwa kuwa hana pa kumwacha. Mkubwa huyo ndiye, kama tulivyoona, aliyeuleta ugonjwa. Sasa yumo wodini akicheza chini ya vitanda vya watoto wengine. Katika wodi zetu zilizojaa, ambamo watoto wawili huweza kulazwa kitanda kimoja, mambo ya hatua mbili za Dk. Hall huwa ni ndoto. Hata hivyo yapo yawezekanayo. Huko Boston, Marekani, hospitali ya watoto ilipowasimamia wafanyakazi wake wavae glavu na joho kwa kila mtoto mwenye RSV, na kuvibadili, maambukizo ya wodini yalishuka sana. Taarifa yake ilitolewa mwaka 1987. La kuzingatia ni kwamba kanuni hiyo ilikuwapo hapo kabla. Kilichoongezeka ni usimamizi. Askari hahitaji kuelezwa tofauti iliyopo kati ya amri iliyobandikwa ukutani na amri inayokaguliwa.

Hospitali isiyo na glavu za kutosha yaweza kuwalaza watoto wenye kikohozi upande mmoja na wasio na kikohozi upande mwingine. Yaweza kutenga benchi la kungojea la wanaokohoa, nje, chini ya mti, kwenye hewa. Yaweza kumpa muuguzi mwenye mafua kazi ya kuandika badala ya kuwashika wachanga siku tatu nne. Na muuguzi yaani mama, kabla ya kumchukua mwanawe chekechea jioni, avue sare ya kazi na anawe. Jambo hili dogo husahauliwa kuliko yote, kwa sababu mama mwenye hamu ya kumwona mtoto hutangulia kumkumbatia.

Sehemu ya mwisho ya habari ya Kilifi ni ya chanjo, na hiyo ni habari njema. Kenya iliingiza chanjo ya vijidudu vya Hib mwezi Novemba 2001. Katika eneo la Kilifi ugonjwa mkali wa Hib kwa watoto wa chini ya miaka mitano ulikuwa watoto 66 katika kila 100,000 kwa mwaka kabla ya chanjo. Kufikia miaka ya 2004 na 2005 ulikuwa umeshuka chini ya wanane. Mwezi Januari 2011 ilifuata chanjo ya nyumokokasi, vijidudu viletavyo sehemu kubwa ya kichomi kikali. Huko Kilifi watoto wote wa chini ya miaka mitano walichanjwa kwa pamoja, si wachanga tu. Magonjwa makali yaletwayo na aina zilizomo katika chanjo yalishuka kutoka 60.8 hadi 3.2 katika kila watoto 100,000 kwa mwaka, kati ya kipindi cha 1999 hadi 2010 na kipindi cha 2012 hadi 2016. Tanzania nayo iliingiza chanjo ya nyumokokasi mwaka 2013.

Katika takwimu hizo lipo jambo ambalo wataalamu walilitazama kwa furaha ya pekee. Wachanga wa chini ya miezi miwili, ambao walikuwa wadogo mno kukamilisha chanjo, na watu wazima, ambao hawakuchanjwa kabisa, nao ugonjwa uliwapungukia. Sababu ni ile ile tuliyokwisha kuiona, ila sasa imegeuzwa: kaka na dada zao wa chekechea hawakuwa tena na vijidudu hivyo puani. Kamba iliyokuwa ikipeleka ugonjwa kitandani kwa mchanga ilikatwa kule ilikoanzia.

Kwa RSV silaha ya namna hiyo ilichelewa. Majaribio ya chanjo ya miaka ya 1960 huko Marekani yalileta msiba: watoto waliochanjwa waliugua vibaya zaidi walipokutana na kirusi chenyewe, na wawili wakafa. Msiba huo uliwatia hofu watafiti kwa muda mrefu. Uchunguzi wa mataifa saba, Kenya na Zambia zikiwamo, uliofanywa kati ya mwaka 2011 na 2014 na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha ukubwa wa hasara ya kungoja: RSV peke yake ilihusika na karibu theluthi moja ya kichomi kikali kilicholaza watoto wasio na virusi vya Ukimwi. Mwaka 2023 hatimaye chanjo ya mama mjamzito iliidhinishwa Marekani na Ulaya, na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani likapendekeza nchi zote zichague ama chanjo hiyo, ama sindano ya kinga wapewayo wachanga wenyewe. Mama huchanjwa katika miezi ya mwisho ya mimba, na kinga yake hupita kwa mtoto na kumlinda katika miezi ile ya kwanza ambayo ndiyo ya hatari. Bei yake ingali kubwa kwa nchi zetu.

Mpaka bei itakaposhuka, lililobaki ni ulinzi wa mikono, hewa na nafasi, na katika kambi ulinzi huo una mwenye amri. Mkuu wa kambi ndiye ajuaye chekechea ya kambi ina watoto wangapi katika chumba kimoja na kama koki yake yatoa maji. Ndiye aonaye iwapo zahanati ya kikosi ina benchi moja la kungojea au mawili. Na asubuhi ile askari wa kike atakapokuja na kusema kwamba mwanawe ana homa na hana wa kumwachia, ni yeye mwenye orodha ya zamu mkononi.